Siku Reino Alipovaa Tandiko

Shemeji yangu Reino Kangas hajawahi kutupa kitu. Viatu vyake vya theluji vimeshonwa kwa waya. Bampa ya gari lake inashikiliwa na kamba ya kuanikia nguo, na dohani la sauna yao, kibanda cha kuogea mvuke, lina tundu aliloliziba kwa kopo la kahawa lililopigwa nyundo likawa bapa. Ukimuuliza, anakuna shingo, anakitazama kitu chenyewe kama ndio kwanza anakutana nacho, halafu anatoa hukumu: "Itamaliza msimu." Miaka yote aliyoendesha greda la kusukuma theluji huku kwetu, kaskazini mwa Michigan, wenzake hawakumwita Reino. Walimwita Bwana Itamaliza.

Mimi ni Elma, mdogo wa mkewe, Lempi. Nakaa ng'ambo ya barabara, dirisha langu linatazama uani kwao, na sikulijenga mimi dirisha hilo. Watu husema mimi ni mdadisi. Kweli, udadisi ndio ugonjwa wangu, na dawa sitaki.

Basi, Novemba ya mwaka jana Reino alianguka. Alikuwa na kiti chake cha kuwindia, kile cha chuma chenye ngazi, kimeegemezwa kwenye msonobari na kufungwa kwa mkanda. Kilikaa kule msituni mwaka hadi mwaka. Sasa, mkanda ukishikwa na mikono yenye jasho unaingia chumvi, na huku kwetu nungunungu anapenda chumvi kuliko mjamzito anavyopenda ndimu. Akautafuna. Reino akapanda, akakaa, akaegemea, na kiti, ngazi na mwenye kiti wote wakaja chini kwa pamoja.

Saa ya kahawa ikapita, Reino hakurudi. Lempi akavaa buti akaingia msituni. Alimkuta kalala kwenye theluji, nyonga imevunjika, midomo ya buluu, na akamtoa kwa kile kigari cha plastiki tunachoburutia kulungu. Dada yangu peke yake, mwanamke wa miaka sitini na kitu, alimvuta mumewe mpaka barabarani kama mnyama aliyepigwa. Mikono yake ilitetemeka wiki nzima baada ya hapo. Nilikuwa namshikia kikombe.

Lakini kilichomuumiza Lempi hakikuwa hicho. Hospitalini daktari aliuliza mkanda ulikatikaje, na Reino, akiwa amelewa dawa za maumivu, akajibu kwa ukweli wote: "Niliona mapema kwamba umetafunwa. Nikasema utamaliza msimu."

Lempi alikuwa amesimama pale na kahawa ya mumewe mkononi. Hakupiga kelele. Aliweka kikombe mezani, akatoka nje, akakaa kwenye gari. Ningependa angepiga kelele. Reino mwenyewe, dawa zilipomtoka, alielewa alichokisema, akamwita, akamwambia mbele yangu: "Mama, sipandi tena mti mpaka siku wewe mwenyewe utakaponiambia panda."

Lempi akasema, "Haya."

Lakini neno lenyewe, "panda," hakulisema. Baridi yote hakulisema, miti ikachipua hakulisema. Katika nyumba ile ikawa haitamkwi "itamaliza msimu" wala "panda." Reino akapona nyonga, wakamwekea vyuma, akatupa fimbo, lakini akawa mtu wa dirishani. Tangu utotoni Oktoba yote alikuwa juu ya mti na upinde wake. Sasa anakaa anatazama msitu hadi chai inapoa mkononi. Alikuwa anakauka, na Lempi alikuwa anamwona anavyokauka, na bado neno halitoki. Ungeniuliza mimi nani mwenye haki, ningekwambia wote wawili, niache nilie.

Ndipo Agosti hii kifurushi kikaja.

Nilikiona kikishushwa. Sikusubiri hata maji yangu yachemke. Nikachukua bakuli la Lempi lililokuwa kwangu tangu Pasaka, nikavuka barabara kurudisha bakuli.

Reino alikuwa uani chini ya ule mti wa sukari, tunaougema utomvu mtamu kila theluji ikianza kuyeyuka. Kamwaga vitu kwenye nyasi. Mikanda, kamba, pete za chuma zenye vimlango, na kitu kama nepi ya jitu.

"Shem," nikasema, "umezaa?"

"Ni tandiko," akajibu, hakuinua uso.

"Tandiko! La farasi gani? Farasi mnaye?"

"La kuwindia. Unalivaa. Unajifunga kwenye mti, unaning'inia."

Nikazunguka kile kitu mara mbili. "Ngoja nielewe. Duniani kote tandiko anavishwa mnyama, mtu anakaa juu. Hapa anavaa mtu. Sasa nani punda?"

Reino alifikiri kweli kweli. Ndivyo alivyo, ukimtania anakujibu kama umemuuliza njia. "Punda nadhani ni mimi," akasema. "Lakini sijui nimembeba nani."

Nilicheka hadi bakuli likanidondoka kwenye nyasi. Hata hivyo macho yangu yalikwenda dirisha la jikoni, na pazia lilikuwa limesogea kidogo.

"Dada anajua?"

"Nilimwonyesha picha kabla sijaagiza. Hakusema ndiyo."

"Alisema hapana?"

"Hakusema hapana." Akameza mate. "Hiki hakiachwi msituni, shem. Unakwenda nacho, unarudi nacho. Na umefungwa muda wote, tangu mguu unatoka ardhini. Nataka aone kwa macho yake. Akiona halafu akatae, basi, nitauza na upinde."

Hapo ndipo nilipojua kinachopimwa pale si kitambaa. Nikakaa juu ya gogo. Bakuli lingesubiri.

Akalivaa. Mkanda mpana kiunoni, kitambaa kigumu chini ya makalio, vitanzi viwili mapajani. Mbele, kutoka nyonga hii hadi nyonga hii, inapita kamba fupi iliyolegea, na hiyo kamba fupi inanaswa kwa pete kwenye kamba nyingine iliyozungushwa mtini. Kilichonishangaza ni fundo. Kuna fundo dogo kwenye ile kamba ya mti; ukilisukuma kwa mkono linateleza kama limepakwa siagi, ukining'inia linauma haliendi popote.

"Hebu nijaribu," nikasema. Nikalisukuma, likateleza. Nikalivuta kwa nguvu zangu zote, likaniangalia tu. "Ala! Nani kalifundisha?"

"Kadiri unavyolemea ndivyo linavyobana."

"Kama mama mkwe."

Reino akatabasamu, la kwanza tangu sijui lini. Akakanyaga kibao cha chuma alichokifunga mtini, kiganja kimoja tu kutoka ardhini, maana maelekezo yanasema ujaribu pale ambapo ukianguka utacheka. Akaegemea nyuma pole pole. Kamba ikakaza, mti ukalia kidogo, na shemeji yangu akakaa hewani, miguu imetulia, mikono mitupu. Sijawahi kuona. Mtu kakaa na kiti hakuna.

"Ikoje?" nikauliza. "Inauma? Unahisi wapi? Uzito uko wapi?"

"Kwenye nyonga," akasema huku kabana meno. "Inabana. Upande wa vyuma."

Basi tukaingia kazini. Nasema tukaingia, ingawa mimi kazi yangu ilikuwa maswali. Alipandisha fundo la mti hadi usawa wa paji la uso. Likawa bora kidogo, ila linamsukuma kifua. Akalishusha hadi kidevuni. Magoti yakagonga mti. Akarefusha kamba fupi ya mbele, nyonga zikapata nafuu, kumbe siri ilikuwa pale: kamba ikiwa fupi inazikamua nyonga kama ndimu, ikirefuka inaziachia. Akashusha kitambaa kwenye mapaja, akakaa. Akakipandisha, akaegemea. Kila badiliko anashuka, anafungua, anafunga upya, anapitisha kamba yote kwenye vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Hilo la vidole sikulitilia maanani siku ile.

Jirani yake Norbert akatokea. Norbert ndiye mwenzake wa kuwinda tangu wakiwa vijana, mwema kupita kiasi, ila mdomo wake hauna breki. Alipomwona Reino kwenye mti alisimama langoni akalia kama farasi.

"Hiiii-hi-hi! Wamekutandika hatimaye! Lempi kapata farasi?"

"Karibu kahawa, Norbert," nikamwambia, "na funga mdomo, nzi wataingia."

"Mzee mzima ananing'inia kama soseji ya kulungu kwenye moshi," akasema, lakini tayari amesogea, tayari anashika fundo. "Hili linateleza? Lo! Na haliachii? Hebu legeza hapo. Hebu niache mimi."

Udadisi, nawaambieni, si ugonjwa wangu peke yangu.

Kwa siku kadhaa uani kwao pakawa kama karakana. Reino akavuta hapa, akalegeza pale, hadi akawa anakaa mle kipindi kizima cha redio bila kukunja uso. Lempi alikuwa jikoni. Anakanda mkate wa hiliki, anamenya viazi vya pasti, zile sambusa kubwa za nyama za huku kwetu, na pazia halitulii. Hakutoka. Reino alikuwa kila akipata nafuu anageuza shingo kutazama dirisha, na kila akigeuza, pazia linarudi.

Mpaka mchana mmoja, jua linachoma, Reino ndani ya tandiko na kaptula yake, Norbert anampongeza kwamba sasa imekaa sawasawa, haihitaji kitu tena. Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. Lempi akatoka na mzigo mikononi.

"Wanaume wawili wazima," akasema, "na mmoja hajafikiri. Na wewe Elma na maswali yako yote, hukuuliza hili? Kulungu wa Oktoba watamkuta huyu na kaptula?"

Akambwagia mumewe mzigo miguuni. Ilikuwa suruali yake ya sufu, ile nzito nyekundu na nyeusi, na koti lake, na sweta mbili, vyote vinanuka dawa ya nondo.

Tukatazamana. Kweli bwana! Siku zote hizo tulipima tandiko juu ya mtu aliyevaa kaptula.

"Mama, jua hili..." Reino akaanza.

"Vaa."

Akavaa. Agosti, joto la kukaanga yai, mtu kavaa sufu kuanzia kisogo hadi kisigino, na tandiko juu yake. Norbert alicheka hadi akakaa chini. Lakini Reino alipoegemea tu, kila kitu kilichokuwa sawa kikawa kombo. Suruali imejikunja chini ya vitanzi, mapaja hayapati damu. Koti limekula ile kamba ya mbele yote, nyonga zinakamuliwa tena, kitambaa kimepanda hadi mgongoni.

"Inabana wapi?" Lempi akauliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza. Reino alimwonyesha. Lempi akasogea, akazungusha mkanda wa kiuno, akalegeza vitanzi, akavuta sufu ikanyooka. Mkono wa dada yangu ni wa mtu aliyeshona mapazia ya nusu ya mji huu, unajua kitambaa kinataka nini. "Kamba ya mbele irefushe," akasema. "Zaidi. Usinifanyie uchoyo. Haya, kaa."

Akakaa. Jasho linamtiririka puani, uso mwekundu, na akavuta pumzi ndefu. "Hapo," akasema. "Hapo hapo, mama. Haiumi."

Lempi alikuwa bado ameishika ile kamba. Akaiangalia mkononi mwake, akaiachia ghafla kama imemchoma, akarudi ndani. Lakini mlango aliuacha wazi.

Jioni ile ilikuwa ya Jumamosi, siku ya sauna. Tandiko lilikuwa limeloa jasho, unaweza kulikamua, kwa hiyo Reino akalitundika kwenye msumari wa kibarazani pa sauna lipigwe upepo. Nililiona pale nikienda nyumbani na taulo yangu kichwani. Sikufikiri kitu. Norbert aliliona pia. Sisi sote watu wa huku, tuliokulia na nungunungu, tuliokula naye karibu sahani moja, tuliacha kitambaa chenye chumvi ya mtu mzima nje usiku kucha. Ungesema tumemwalika.

Asubuhi nikavuka barabara kunywa kahawa. Norbert alikuwa amekaa kwenye gogo. Reino akaenda kulichukua tandiko, akalileta chini ya mti, na kabla ya kulivaa akaanza kupitisha kamba kwenye vidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama kawaida yake mpya. Ya mti ikapita. Ya mbele ikafika katikati.

Vidole vikasimama.

Nilisogea. Kamba ilikuwa imetafunwa. Si sana. Nyuzi za juu zimenyofolewa, na alama za meno mawili mapana zinaonekana wazi, safi kama umechonga na patasi. Mnyama yule yule, chumvi ile ile. Nikatazama jikoni. Dirisha lilikuwa limezibwa na mvuke. Lempi alikuwa anachemsha jemu ya matunda ya mwituni. Hakuona kitu.

Norbert akaishika, akaikunja, akaipeleka kwenye mwanga. "Aa, ni ngozi ya juu tu," akasema. "Moyo mzima kabisa. Hii kaka, itamaliza msi..."

Alijiziba mdomo kwa mkono, mzee yule, kama mtoto aliyetukana kanisani. Kigogota alikuwa anagonga mahali fulani msituni na sisi tukamsikiliza.

"Nisamehe, Reino," Norbert akanong'ona. "Lakini sikiliza. Nina kamba ya namna hii nyumbani, mpya, haijafunguliwa. Naikimbilia sasa hivi, tunabadilisha, imekwisha. Mama wa watu hajui kitu. Kakaribia, Reino! Jana kakushika mwenyewe! Ukimwonyesha hii leo, neno hilo hulisikii mpaka unakufa."

Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililoniuma. Kamba ingebadilishwa, hatari ingekwisha, hakuna ambaye angeumia. Nilimwangalia Reino. Sijawahi kutaka kujua jambo kama nilivyotaka kujua pale mtu yule atafanya nini. Alikuna shingo. Aliitazama kamba kama ndio kwanza anakutana nayo. Nikasema moyoni, haya, hukumu inakuja.

Reino akaikunja kamba mkononi, akaelekea jikoni. Nikamfuata. Na wewe ungemfuata, usijifanye.

Lempi alikuwa anakoroga sufuria. Reino aliiweka kamba mezani kati ya chupa za jemu.

"Mama," akasema. "Nungunungu."

Lempi akatoa mwiko, akazima jiko, akafuta mikono kwa aproni. Akaichukua kamba, akaipitisha kwenye vidole hadi pale palipoliwa. Akapapasa.

"Umeiona lini?"

"Sasa hivi. Sijanywa hata kahawa."

"Ilikuwa wapi?"

"Kibarazani pa sauna. Nililitundika mimi. Ina jasho la jana."

"Na Norbert kasemaje?"

Reino akasita. "Kasema itamaliza msimu."

Huko nje nilimsikia Norbert akikohoa.

"Na wewe unasemaje?" Lempi akauliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia vile.

"Haimalizi," Reino akasema. "Haimalizi hata siku moja."

Lempi akafungua droo, akatoa mkasi wake mkubwa wa kushonea, ule ambao hata mimi ndugu yake siruhusiwi kuugusa, akaikata ile kamba katikati. Si mara moja. Aliikata vipande, akavitupa kwenye ndoo ya taka, kimoja kimoja. Reino alisimama pale anatazama, mabega yameshuka, na nilijua anachokiona ndani ya ndoo ile ni upinde wake na msitu wake na Oktoba zake zote zilizobaki. Machozi yalinitoka. Nilitaka kumwambia dada, basi, inatosha, kaja mwenyewe.

Lempi akarudisha mkasi kwenye droo.

"Agiza nyingine," akasema. "Agiza mbili."

Reino hakuelewa. "Mbili?"

"Moja ikitafunwa uwe na nyingine. Hukusikia? Na tandiko halilali nje tena. Litalala chumbani, upande wangu." Halafu akageukia sufuria, akaanza kukoroga jemu ambayo jiko lake limezimwa. Reino alimkaribia kwa nyuma akaweka kidevu begani kwake. Mimi nikaona ni wakati mzuri wa kwenda kumwambia Norbert ukweli kuhusu mdomo wake.

Kamba zilipokuja, Lempi alitoka uani kabla hata Reino hajamaliza kufunga. Akasimama mbele ya mti na aproni yake.

"Nifunge mimi."

"Wewe?" mimi na Reino kwa pamoja.

"Mmekuwa viziwi? Mwaka mzima naota mtu anaanguka. Nataka kujua anakaaje."

Tukamfunga. Dada yangu si mwembamba, na vitanzi vilitaka kusukumwa na kubembelezwa, na alitutukana wote wawili kwa Kifini cha bibi yetu. Akakanyaga kibao. Akashika mti kwa mikono miwili kama anaunyonga.

"Egemea, mama."

"Naegemea."

"Hujaegemea. Umeukumbatia. Mti haukuposi, uachie."

Akaachia mkono mmoja. Kisha wa pili. Fundo likauma, kamba ikakaza, akakaa hewani. Akajigeuza kidogo kulia. Akajigeuza kushoto. Akainua mguu mmoja kutoka kwenye kibao, akaangalia chini, akauinua na wa pili.

"Kumbe," akasema polepole, "hata usinzie, inakushika."

"Inakushika," Reino akasema.

"Inabana hapa." Akajipiga kiunoni. "Nitashona kipande cha blanketi. Na msinitazame hivyo. Elma, funga mdomo, nzi wataingia."

Alikaa mle hadi kahawa ikapoa. Tulipomwambia ashuke, akasema tungoje kidogo.

Msimu wa upinde unafunguliwa tarehe mosi Oktoba. Alfajiri ile nilikuwa jikoni kwao, msiniulize nilifikaje. Kulikuwa na barafu nyembamba kwenye madirisha. Reino alisimama karibu na mlango katika sufu yake yote, kibao na vipande vya ngazi mgongoni, upinde mkononi, chupa ya kahawa mfukoni. Alikuwa ameshavaa kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho hakukifuata. Alisubiri.

Lempi akatoka chumbani na nguo ya kulalia, tandiko mkononi. Lilikuwa na kipande cha blanketi la buluu kiunoni, kimeshonwa kwa mshono wake ule mdogo mdogo. Akakaa kwenye kiti chini ya taa. Akaichukua kamba ya mti, akaipitisha kwenye vidole mwanzo hadi mwisho. Akaichukua ya mbele, akaipitisha. Akaanza tena kutoka mwisho hadi mwanzo. Reino hakumharakisha. Nje kulikuwa kunapambazuka, na mwindaji yeyote atakuambia kwamba saa hiyo ungetakiwa uwe mtini tayari, na bado hakumharakisha.

Lempi akasimama, akampa tandiko. Reino akalishika. Lempi hakuliachia upande wake.

"Panda," akasema.

Reino akafumba macho.

"Na ushuke," Lempi akasema.

"Nitashuka."

Ndipo akaliachia. Tulisimama dirishani tukamtazama akipita mti wa sukari, akipita sauna, hadi sufu yake nyekundu ikamezwa na miti. Lempi alinishika mkono. Nilimshikia kikombe, kama ile wiki ya hospitali.

Hakupiga kitu siku ile. Alisema kulungu jike na mtoto wake walipita chini yake kabisa, akawaangalia tu. Saa ya kahawa alikuwa mlangoni, akamkabidhi Lempi tandiko kabla hajavua viatu.